Fundi wa Katwe na pointi za Makerere

Na Mwandishi Wetu, Kampala

UKITOKA Mnara wa Saa na kushika barabara iendayo Kibuye, utaisikia Katwe kabla hujaiona. Grenda zinalia, nyundo zinagonga bati, na kwenye kibanda hiki na kile mtu amechuchumaa akichomelea, uso ameugeuza pembeni. Kando ya barabara zimepangwa sigiri za mkaa, masufuria ya alumini, milango ya geti yenye maua ya chuma, na mashine za kusaga mahindi ambazo rangi yake ya kijani bado haijakauka.

Dunia inaijua Katwe kwa mchezo wa chesi, kwa sababu ya Phiona Mutesi na ile filamu ya mwaka 2016. Mwenyeji wa Kampala anaijua kwa jambo jingine. Hapa ndipo unapokuja na kipuri kilichovunjika mkononi, ukaondoka jioni na kingine kinachofanana nacho. Sifa hiyo ilikua hasa baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Maduka ya vipuri yakabaki matupu, na mafundi wa Katwe wakalazimika kutengeneza walichokuwa wakinunua.

Mgeni anayezungumza Kiswahili hupokewa kwa tahadhari katika mitaa mingi ya Kampala, kwa kuwa wazee wengi wanakikumbuka kama lugha ya askari. Lakini Katwe haijisikii vibaya kuwa na msamiati wetu. Nyundo kwa Kiganda ni ennyondo, msumari ni omusumaali, na fundi ni fundi.

Nilifika hapo kuandika habari ya mashine zinazouzwa ng'ambo ya mpaka. Nikaondoka na habari nyingine.

Gramu 10

Katika karakana moja ya mabati, mzee ambaye wote humwita Ssalongo, heshima apewayo baba wa mapacha huku Buganda, alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kusaga iliyokataa kutulia. Ameifunga kwa boliti kwenye sakafu, na bado ilikuwa inatembea. Mteja wake ni mfanyabiashara wa Juba aliyeagiza mashine mbili, na amekwisha lipa nusu ya bei.

Kijana mmoja akamwomba aizime. Ni mpwa wake, mtoto wa dada, na humwita Kojja, yaani mjomba. Akafungua kifuniko, akazitoa zile nyundo ndogo za chuma zinazozunguka ndani na kuipiga punje mpaka iwe unga, akazipima moja moja kwenye mizani ndogo ya kidijitali, ya aina ile wanayopimia viungo vya keki. Hakuna mbili zilizolingana. Iliyo nzito na iliyo nyepesi zilipishana kwa gramu 10 hivi, na zilikuwa zimewekwa kukabiliana.

Akanifanyia hesabu kwa chaki juu ya bati. Gramu 10 zikikaa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, na shafti ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta kama uzito wa kilo 20. Mvuto huo hauelekei upande mmoja tu. Unazunguka na shafti, mara 50 kila sekunde. Beringi gani itavumilia hivyo hadi Juba?

Akazipanga upya, nzito ikatazamana na nzito, nyepesi na nyepesi, na zilizozidi akazipunguza kwa grenda. Mashine ilipowashwa tena ilinguruma bila kutembea. Ssalongo hakusema neno. Aliweka glasi ya chai juu ya kifuniko na kuitazama ikikaa.

Kijana huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa kanuni za chuo hicho, huenda baada ya muhula huu asiwe mwanafunzi tena. Amelifeli somo moja la hisabati mara mbili. Anaingia kwenye mtihani wake wa tatu baada ya wiki tatu, na wa tatu ndio wa mwisho. Anayeshindwa kupata alama ya kufaulu katika jaribio la tatu la somo lile lile huondolewa kwenye kozi.

Waliniomba nisiandike majina yao. Mzee kwa sababu ya mteja, kijana kwa sababu mama yake hajui.

Mlango unaohesabu

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anahitaji kuelezwa mlango wa Makerere ulivyo, maana kila nchi yetu ina wake.

Uganda bado ina kidato cha tano na sita, kama Tanzania. Anayetaka uhandisi huchukua fizikia na hisabati, na somo la tatu ambalo kwa wengi ni kemia, japo wako wanaochukua uchumi au uchoraji wa kiufundi. Mtihani wa mwisho unatoa A yenye thamani ya 6, B 5, C 4, na kushuka hivyo. Lakini chuo hakijumlishi tu. Masomo mawili ya lazima, hisabati na fizikia, yanazidishwa mara 3. Somo la tatu mara 2. Maarifa ya jumla, ambayo wao huyaita GP, na somo dogo la tehama au hisabati, kila moja linaleta pointi 1. Kisha kwa utaratibu wa miaka mingi matokeo ya kidato cha nne nayo yanaingia kwa vipande: distinksheni 0.3, kredi 0.2, pasi 0.1.

Piga hesabu. Mwenye A tatu anafika 50 kabla ya vipande vya kidato cha nne. Kijana wetu alipata A ya fizikia, B ya hisabati na C ya kemia: 18, 15, 8, na 2 za masomo madogo. Jumla 43. Kidato cha nne kilimpa 2.4. Akasimama kwenye 45.4.

Tazama jinsi mizani hii inavyolala. Kushuka kutoka A hadi B katika hisabati kunakugharimu pointi 3, ambazo ni sawa na thamani ya cheti kizima cha kidato cha nne chenye distinksheni 10. Miaka minne ya shule inalingana na swali moja au mawili yaliyokwenda vibaya asubuhi moja ya Novemba. Wasichana, ambao tangu mwaka 1990 wamekuwa wakiongezewa pointi 1.5 ili idadi yao vyuoni iongezeke, wanapewa nusu tu ya ngazi hiyo moja. Kila mwaka hubishaniwa kana kwamba ni zawadi kubwa. Mhandisi Dorothy Okello, mwalimu wa Makerere, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi ya Wahandisi ya Uganda, mwaka 2016. Taasisi yenyewe ni ya miaka ya 1970. Hapo utaona umbali uliokuwapo.

Nafasi za ufadhili wa serikali zimekuwa takriban 4,000 kwa mwaka kwa vyuo vikuu vyote vya umma. Kati ya hizo 3,000 hushindaniwa kitaifa kwa pointi, 896 hugawiwa wilaya, na zinazobaki ni za wanamichezo na wenye ulemavu. Tangu mwaka 2005 serikali imeelekeza robo tatu ya ufadhili huo kwenye sayansi. Ukisikia hivyo unaweza kudhani mlango wa uhandisi ulipanuka. Uliongeza watu wanaoupigania. Shule zilizokuwa na maabara nzuri na walimu wa fizikia waliotulia ndizo zilizojaza nafasi hizo za kitaifa, na nyingi ya shule hizo ni za bweni, zenye ada ambayo muuza sigiri haimudu.

Mgao wa wilaya ulianzishwa kuwasaidia watoto wa mbali na mji. Haukumfikiria mtoto wa Katwe. Kwenye ramani yuko Kampala, wilaya yenye shule bora, na hapo anashindana nazo. Kwamba shule yake ya kutwa ilifungua maabara mwezi mmoja kabla ya mtihani wa vitendo, ramani haisemi.

Kwa hiyo 45.4 hazikumpa ufadhili. Zilimpa barua ya kujilipia. Wengi wanaosoma uhandisi Makerere wameingia kwa barua kama hiyo.

Waliotoka kwa mlango wa nyuma

Lipo jambo la kihistoria ambalo kila ninapolikumbuka nashindwa kulipita hivi hivi. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi walikuwa 14, wote wavulana wa kutwa, na walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi mitambo. Kwa maneno mengine, kilichozaa chuo kikuu mashuhuri kuliko vyote katika ukanda huu ni kazi zinazofanywa leo Katwe kando ya mtaro.

Baadaye Makerere ikawa ya udaktari, ualimu na fasihi. Ufundi ukatengwa, ukapewa shule yake ndogo, na mwaka 1958 ukahamishiwa kilima cha Kyambogo, upande wa pili wa mji. Uhandisi wa shahada haukuwapo Uganda kabisa. Ulikuwa Nairobi, katika Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilichopokea wanafunzi mwaka 1956. Katika enzi ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, Mganda aliyetaka kuwa mhandisi alipanda treni kwenda Nairobi, Mkenya aliyetaka kuwa daktari alikuja Mulago, na wote waliotaka sheria walitazama Dar es Salaam. Chuo hicho kilipovunjwa, kila nchi ilijijengea chake. Makerere ikapata Kitivo cha Teknolojia mwaka 1970, Dar es Salaam ikafuata na Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973.

Hivyo chuma kilirudi kilimani Makerere baada ya kutolewa, lakini kilirudi kikiwa kimevaa tai. Waliokuwa wakikishika kwa mikono walibaki bondeni.

Nisiwaonee walio juu. Walijaribu kushuka. Mfuko wa Gatsby ulioanzishwa miaka ya 1990 ukiwa na makazi yake kwenye kitivo hicho ulisaidia wenye viwanda vidogo, na katika miaka ya 2000 Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziliendesha pamoja mpango wa kongano bunifu, ambamo mafundi vyuma wa Katwe walikuwa mojawapo ya makundi. Na wanafunzi na walimu wa Makerere ndio waliotoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, kazi iliyozaa kiwanda cha mabasi Jinja. Lakini mipango humsaidia fundi kuwa fundi bora. Mtoto wa fundi anayetaka kuwa mhandisi anarudi kwenye foleni ya pointi kama wengine.

Zipo njia za kando, na ni haki kuzitaja kwa sababu wazazi wengi wa mtaa huu hawazijui. Anayemaliza kidato cha sita anaweza kwenda chuo cha ufundi cha serikali, kama kile cha Elgon, Lira, Bushenyi, Kichwamba au Kyema, akachukua stashahada, kisha akaomba shahada kwa nafasi zinazotengwa kwa wenye stashahada. Ni njia ndefu na nafasi zake ni chache, lakini anayeipita anafika akiwa amekwisha shika mashine ya kukereza. Na aliyefikisha miaka 25 anaweza kufanya mtihani wa watu wazima, akaingia bila cheti cha kidato cha sita. Makerere sio kilima pekee vilevile. Kyambogo, Busitema na Mbarara zote zinafundisha uhandisi. Tanzania nayo inawapokea vyuo vikuu wenye stashahada kutoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Wakenya waliozoea kutazama pointi 48 za makundi ya masomo hawatashangazwa na chochote nilichoandika hapa.

Mahali pa kubaki

Katika magazeti yetu tunaandika sana habari za kuingia. Januari hadi Machi, matokeo yakitoka, tunapiga picha za watoto waliobebwa juu juu. Miaka miwili baadaye hakuna anayekwenda kuuliza nani amebaki.

Nakiri nina sababu yangu ya kuuliza. Nilisoma uhandisi ujenzi kwa miaka miwili katika chuo kimoja cha ukanda huu, kisha nikahamia kozi nyingine na hatimaye nikaangukia habari. Niliwaambia watu kwamba niligundua napenda kuandika. Ukweli ni kwamba nilifeli hisabati, nikairudia, nikaifeli, na sikuwa na ujasiri wa kungoja mara ya tatu. Kwa hiyo nilipokaa na kijana huyu juu ya debe, sikumuuliza kama mtu asiyejua.

Simulizi yake haikuwa ya hesabu ngumu. Anazijua hesabu, nilimwona akizifanya kwa chaki. Ilikuwa ya saa.

Mwaka wa kwanza hakupata mkopo. Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, haiwezi kumkopesha kila anayeomba, na yeye hakuwa amekamilisha makaratasi ya mdhamini kwa wakati. Basi ada ilitoka karakanani. Alichomelea mageti usiku na wikiendi, na ilipokaribia tarehe ya mwisho ya kulipa, alichomelea na mchana pia. Akakosa majaribio mawili ya darasani. Katika masomo haya kazi za muhula hubeba 40 na mtihani 60. Yeye aliingia kwenye mtihani akiwa na 12 mkononi. Ili afike 50 alihitaji 38 kati ya 60. Akapata 31. Kwa mwenzake aliyekuwa na 25 za muhula, hizo 31 zingekuwa 56, na leo tusingekuwa na la kuzungumza.

Somo ulilofeli hulirudii wiki ijayo. Unangoja hadi litakapofundishwa tena, yaani muhula kama huo mwaka unaofuata, na unalilipia. Wao huita riteki. Sasa uko mwaka wa pili, una masomo yako yote ya mwaka wa pili, na juu yake una la mwaka wa kwanza, na ratiba haijui kwamba wewe ni mtu mmoja. Mihadhara ya riteki yake iligongana na maabara. Alichagua maabara, kwa kuwa mahudhurio yake huandikwa. Akajisomea hisabati kwa daftari za wengine, kwenye taa ya karakana. Alipata 47.

Mwalimu wa uhandisi niliyezungumza naye baadaye, si kwa ajili ya kutajwa, aliniambia kwamba huyu ni wa kawaida. Kwa uzoefu wake, wanaodondoka ni wachache sana kwa sababu ya akili, maana akili imekwisha chujwa mlangoni. Hudondoka kwa wingi mwaka wa kwanza na wa pili, na ukifuatilia utakuta ada, chakula, ugonjwa wa mzazi, au kijana aliyetoka shule ya kukaririshwa na sasa hana wa kumkaririsha. Mwaka wa tatu wakishafika, huwa wanamaliza. Aliongeza jambo ambalo sikulitarajia: watoto wa mafundi huwa wanang'aa kwenye mafunzo ya karakana ya likizo ya mwaka wa kwanza, wakati wenzao kutoka shule kubwa wanaogopa cheche. Halafu muhula unafunguliwa na mambo yanageuka.

Kanuni ina njia nyingine ya kukutoa pia. Wastani wako wa jumla ukiwa chini ya 2.0 kati ya 5.0 unawekwa kwenye uangalizi, na uangalizi wa mihula mitatu mfululizo ni kwaheri. Sisemi kanuni ni mbaya. Daraja la Jinja likijengwa na mtu aliyependelewa tutazama sote. Ninachosema ni kwamba kanuni inapima alama, na alama za mtu huyu zimebeba vitu viwili ndani yake, anachojua na saa alizokuwa nazo. Kwa gramu 10 za tofauti mashine nzima inatembea.

Mwaka wa pili mkopo ulipatikana. Unalipa ada na michango ya chuo. Haulipi kitanda wala sahani. Chumba cha hosteli Kikoni au Wandegeya kingemla, kwa hiyo analala Katwe, anapanda teksi hadi mjini na nyingine hadi Wandegeya, au anatembea. Mchana wake ni kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe, chakula ambacho kama kingeandikwa kwenye vyeti vya Makerere kingekuwa mdhamini mkuu.

Ada zenyewe ni jeraha la zamani. Oktoba 2019 wanafunzi wa Makerere, wasichana wakiwa mbele, waliandamana kupinga ongezeko la asilimia 15, na jeshi likaingia mabwenini. Nilikuwa bado mwandishi mchanga na nilizifuatilia habari zile nikiwa nje ya nchi. Niliandika juu ya mabomu ya machozi. Sikuandika juu ya asilimia 15 inamaanisha mageti mangapi.

Wiki ya mtihani, wiki ya Juba

Hapa ndipo penyewe. Mashine ya pili ya Juba inatakiwa wiki ile ile ya mtihani. Lori limekwisha kodiwa, litapita Gulu na Nimule, na dereva hangoji. Ssalongo ana vijana wanne, lakini hakuna anayeweza kusawazisha nyundo zile isipokuwa mpwa wake, na sasa mzee ameonja mashine isiyotembea. Hataki kuuza nyingine tena.

Walijadiliana mbele yangu, kwa Kiganda kilichochanganyika na Kiingereza, na nilielewa nusu. Mzee hakuwa mkatili. Ndiye aliyelipa mwaka wa kwanza. Hoja yake ilikuwa rahisi: kazi ipo, fedha ipo, na kijana ana mikono. Kwa macho yake, shahada ni karatasi itakayomrudisha hapa hapa akiwa na deni la bodi ya mkopo. Amewaona wahandisi wanaokuja kununua mageti kwake wakipunguza bei.

Nami sikuweza kumwambia amekosea. Mafundi wazuri wa Katwe wanapata zaidi ya mhandisi mwanagenzi. Lakini kuna vitu ambavyo karatasi inafungua na mikono haifungui. Zabuni ya serikali inataka saini ya mhandisi aliyesajiliwa. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana, kwa hiyo mhandisi aliyesajiliwa Kampala anaweza kuomba kutambuliwa Nairobi au Dar es Salaam bila kuanza upya. Fundi wa Katwe mashine yake inavuka mipaka mitatu. Yeye mwenyewe, kama fundi, hana karatasi ya kuvuka nao. Huo ndio utangamano wetu ulipofikia: unga unapita, mabati yanapita, na mwenye shahada anapita akiwa na bahati.

Kuna jingine ambalo kijana alilisema, na alilisema akimtazama mjomba wake, si mimi.

"Kojja, leo nimezisawazisha kwa sababu niliwahi kufundishwa. Kesho utaniletea kitu ambacho sijafundishwa."

Mzee akanywa chai yake, ambayo bado ilikuwa juu ya kifuniko.

Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulioanza mwaka 2020 umeleta miradi shuleni, na wale waliofanya mtihani wao wa kwanza mwishoni mwa 2024 walipata asilimia 20 ya alama kutokana na kazi zilizofanyika shuleni. Kama kungekuwa na hivyo enzi zake, labda geti moja la Katwe lingehesabiwa. Wadogo zake wataona. Yeye ana wiki tatu.

Nilipopita tena siku mbili baadaye kuaga, hakuwapo. Ssalongo alikuwa ameinama juu ya ile mizani ya keki, miwani puani, akipima nyundo za mashine ya pili na kuandika gramu kwa chaki ubavuni mwa kila moja. Vijana wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakitazama. Alikuwa amezipanga kwa jozi kwenye bati, na jozi moja ilikuwa imekataa. Akaichukua ile nzito, akaipeleka kwenye grenda, akairudisha kwenye mizani, akatikisa kichwa, akaipeleka tena.

Nikamuuliza kijana yuko wapi.

"Makerere," alisema, bila kuinua macho. "Nimemwambia asionekane hapa hadi tarehe 14."